"Hakuna Kimelea Kilichoonekana": kuwaelewa maikrosporidia, kutoka banda la sungura hadi utumbo wa binadamu

Kwa miaka niliyokaa kwenye meza ya maabara hapa Dodoma, kuna sentensi moja niliyoiandika kwenye fomu za majibu kuliko nyingine zote: "Hakuna kimelea kilichoonekana." Mgonjwa analeta kikopo chake cha choo asubuhi. Unachukua kiasi kidogo kwa kijiti, unachanganya na tone la maji ya chumvi juu ya slaidi, unafunika, unaweka kwenye darubini. Unatafuta mayai ya minyoo, unatafuta amiba, unatafuta giadia. Usipoona kitu, unaandika.

Sentensi hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mgonjwa akiishika mkononi anaisoma vingine: "Wamenipima, sina mdudu." Nami kwa muda mrefu sikuona haja ya kumsahihisha. Leo naona haja, kwa sababu kuna vimelea ambavyo kwa kipimo kile havionekani hata vikijaa kwenye slaidi, na mtu anaweza kuharisha miezi huku ana rundo la karatasi zinazomwambia yuko safi.

Wanaonishughulisha hapa ni maikrosporidia. Spishi zaidi ya 1,400 zimekwisha kutambuliwa. Nyingi ni za wadudu na samaki, na kama 17 zimewahi kukutwa kwa binadamu. Hawa ndio wanaopinda shingo ya sungura, wanaofupisha maisha ya nyuki, waliowahi kuangusha biashara ya hariri ya nchi nzima, na wanaomkausha kwa kuharisha mtu ambaye kinga yake imeshuka. Ukisoma habari zao vipande vipande unadhani ni magonjwa yasiyojuana. Mwenye sungura anaambiwa hili, mfuga nyuki anaambiwa lile, mgonjwa haambiwi chochote.

Tuanze na udogo wao. Kinachotoka kwenye choo au mkojo wa aliyeambukizwa ni spora, chembe yenye umbo la yai lenye ganda gumu. Kwa spishi zinazompata binadamu, urefu wake ni kati ya maikromita 1 na 4 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hivi. Yai la minyoo ya duara, lile ambalo kila mtu wa maabara analitambua hata akiwa amechoka, linafika 50 na kuzidi. Mmoja wa maikrosporidia wanaotusumbua zaidi, *Enterocytozoon bieneusi*, ana spora inayozidi maikromita 1 kidogo tu. Huo ni ukubwa wa bakteria, na choo cha mtu yeyote kimejaa bakteria. Kumtafuta kwa tone la maji ya chumvi ni kama kutafuta punje moja ya uwele kwenye gunia la mtama usiku.

Anaonekana akipakwa rangi maalumu. Mwaka 1992 Rainer Weber na wenzake walichapisha njia ya kupaka slaidi ambayo rangi nyekundu iliongezwa ukali mara kumi na kuachwa ikae dakika 90, maana ganda la spora linapitisha rangi kwa shida sana. Ukimaliza, spora zinatokeza zikiwa na wekundu wa waridi, na nyingine zina mstari unaokatiza katikati kama mkanda wa kiunoni. Ipo pia rangi inayong'ang'ania kitini, maada ileile inayofanya gamba la panzi liwe gumu, na chini ya mwanga wa darubini maalumu spora hung'aa. Ili kujua ni spishi gani hasa, maabara kubwa hutumia kipimo cha PCR, kinachosoma jeni za kimelea, au darubini ya elektroni. Kwa hiyo daktari asipoandika kwamba anamtafuta huyu, maabara haitamtafuta.

Ndani ya ganda hilo dogo kuna mrija mrefu uliozungushwa kama kamba kwenye kopo, nao ndio alama ya ukoo huu. Spora ikiwa nje, kwenye vumbi au maji, imetulia tu. Ikimezwa na kufika kwenye utumbo, mazingira yanabadilika, maji yanaingia ndani ya ganda, shinikizo linapanda mpaka mrija unafyatuka kutokea upande mmoja. Aliyewahi kuosha utumbo wa mbuzi anajua namna unavyougeuza ndani nje. Mrija huu unatoka kwa kugeuka hivyohivyo, na kazi yote inaisha kabla ya sekunde 2. Unaweza kufika maikromita 50 na zaidi, yaani mara makumi ya urefu wa spora yenyewe. Ncha yake ikiishia kwenye seli ya jirani, kilichomo ndani ya spora kinapita katikati ya mrija na kumwagwa ndani ya seli hiyo. Mwenye seli hakugongewa hodi. Nimesoma habari za vimelea wengi, lakini sijaona mwingine mwenye mlango wa kuingilia kama huu.

Akishaingia anagawanyika, anagawanyika tena, kisha anajenga maganda mapya mpaka seli inajaa spora na kupasuka. Chakula na nguvu za kufanya hayo anavitoa kwa mwenyeji. Seli zetu zina vijikarakana vya kutengeneza nishati viitwavyo mitokondria. Maikrosporidia wamebakiwa na masalia yake tu, wasiweze kujitengenezea nishati kwa njia hiyo, ndiyo maana wanavuta nishati iliyokwisha kutengenezwa na seli. Jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ya *Encephalitozoon cuniculi*, iliyosomwa yote na kuchapishwa mwaka 2001, ina herufi milioni 2.9 na jeni zipatazo 2,000. Ya binadamu ina herufi bilioni 3. Ndugu yake, *Encephalitozoon intestinalis*, ana milioni 2.3 tu, kiasi ambacho baadhi ya bakteria wanakizidi mara mbili.

Ufukara huo uliwapoteza wataalamu kwa muda. Kwenye miaka ya 1980 ilidhaniwa kwamba hawa ni mabaki ya viumbe wa kale sana, waliokuwapo kabla ya mitokondria kupatikana, wakawekwa pamoja na protozoa, vijidudu vya seli moja kama amiba. Jeni zilipochunguzwa katika miaka ya 1990, zikasema jingine: ni ndugu wa karibu wa kuvu, wale ambao mitaani tunawaita fangasi. Hawakuanza wakiwa maskini. Walihamia ndani ya nyumba ya mtu, wakauza vyombo vyao kimoja kimoja kwa kuwa vya mwenyeji vilitosha. Lakini dawa za kawaida za fangasi haziwatibu kwa uhakika, na za amiba haziwatibu. Nitarudi kwenye dawa, maana huko ndiko watu wanakopoteza fedha.

Pilipili kwenye kiwavi

Kabla ya yote hayo, maikrosporidia walijulikana kwa hasara. Ufaransa ya karne ya 19 ilikuwa na wafugaji wengi wa viwavi wa hariri, hasa kusini. Mwaka 1853 walivuna vifuko vya hariri kilo milioni 26. Kufikia mwaka 1865 mavuno yalikuwa kilo milioni 4. Viwavi walidumaa, wakatokwa na vidoadoa vyeusi, na wenyeji wakauita ugonjwa kwa neno la kwao linalotokana na pilipili, kwa kuwa viwavi walionekana kama wamenyunyiziwa pilipili manga. Kimelea chenyewe kilipewa jina mwaka 1857 na Carl Nägeli: *Nosema bombycis*. Ndiye maikrosporidia wa kwanza kupewa jina.

Louis Pasteur, mwanakemia Mfaransa, alitumwa huko mwaka 1865. Hakuwa amewahi kushughulika na viwavi wa hariri. Alikaa kwenye kazi hiyo kwa vipindi mpaka kufikia mwaka 1870, na alichokipata ni utaratibu ambao mfugaji wa kijijini angeweza kuufanya. Nondo jike akishataga, anasagwa na kuangaliwa kwa darubini. Ana spora, mayai yake yanatupwa. Hana, mayai yanatunzwa. Hapakuwa na dawa hata kidogo. Kimelea kinapita kutoka kwa mama hadi ndani ya yai, kwa hiyo ukimkagua mama umewakagua watoto wote. Hariri haikurudi ilivyokuwa zamani Ufaransa, lakini njia hiyo ilisambaa kwingineko ambako viwavi vya hariri hufugwa.

Nalisimulia hili kwa kirefu kwa sababu linafanana sana na tatizo letu. Pasteur aliweka darubini kwenye nondo kwa sababu alijua anamtafuta nani.

Sungura wa Mzee

Mwaka fulani, kiangazi, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinijia na boksi la karatasi. Ndani alikuwamo sungura jike mweupe, kichwa kimelala upande wa kulia kana kwamba anasikiliza kitu chini ya ardhi. Kila alipojaribu kusimama alibiringika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa maabara? Hebu nitazamie huyu. Wajukuu wanasema hawajamwangusha, na mimi nawaamini."

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi ni wa maabara ya watu, na huyu ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Lakini nilijua angalau mambo mawili yanayopinda shingo ya sungura. La kwanza ni maambukizi ya sikio la ndani, mara nyingi kwa bakteria aitwaye *Pasteurella*, ambaye kwa bahati amepewa jina la yule yule Pasteur. La pili ni *Encephalitozoon cuniculi*.

Huyu wa pili alielezwa mara ya kwanza mwaka 1922 kwa sungura waliokuwa wamepooza. Anapenda figo na ubongo. Sungura aliyeambukizwa anatoa spora kwenye mkojo, mkojo unadondokea majani, mwenzake anakula majani hayo. Mama naye anaweza kumwambukiza mtoto akiwa bado tumboni. Wengi wanakaa nacho maisha yao yote bila dalili yoyote, kisha mmoja anaamka siku moja shingo imepinda, au miguu ya nyuma imelegea, au jicho limeingia wingu jeupe. Madaktari wa mifugo hutumia fenbendazo, dawa ya minyoo, kwa siku 28 mfululizo. Inazuia kimelea kuendelea kuongezeka. Mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika hairudishi, kwa hiyo shingo inaweza kubaki imepinda hata kama mnyama amepona na anakula vizuri.

Ufugaji wa sungura nyuma ya nyumba umeshika kasi mitaani kwetu, kwa kuwa eneo ni dogo na majani yanapatikana. Kinachosaidia ni cha kawaida: sakafu ya waya au mianya ili mkojo upite chini, chakula kuwekwa kwenye kihori na siyo sakafuni, sungura mgeni kutengwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa, vyombo kuoshwa kwa maji yaliyochemka. Spora inavumilia ukavu kwa wiki nyingi, kwa hiyo banda kuwa kavu na lenye vumbi si ushahidi wa usafi. Nyama ikiiva haina shida.

*E. cuniculi* haishii kwa sungura. Mwaka 1952, Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Kenya, alieleza ugonjwa wa ubongo na figo kwa watoto wa mbwa ambao alidhani wameupata kutoka kwa mama zao kabla ya kuzaliwa, na akamtaja kimelea huyu. Ni Plowright yuleyule ambaye baadaye chanjo yake ilisaidia kuifuta sotoka duniani, ugonjwa ambao wafugaji wa Kigogo na Kimasai wana kila sababu ya kuukumbuka. Afrika Mashariki ina mkono wake katika historia hii tangu mapema, ingawa watu wachache wanaijua.

Na binadamu? Amekutwa pia, hasa mwenye kinga iliyoshuka na aliyepandikizwa kiungo. Kwa hiyo nyumba yenye mtu anayeishi na VVU ambaye bado hajaimarika kwa dawa, asafishe banda mwingine. Akilazimika yeye, avae glavu na anawe kwa sabuni. Sisemi watu waache sungura.

Kuharisha kusikoisha

Mwaka 1985, jijini Paris, watafiti walieleza kimelea kipya walichokiona kwenye seli za utumbo wa mgonjwa wa UKIMWI mwenye asili ya Haiti. Ndiye *Enterocytozoon bieneusi*. Tanzania ilikuwa imeripoti wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI miaka miwili kabla, Kagera. Tunaokumbuka miaka iliyofuata tunakumbuka sura: mtu anakonda mpaka nguo zinamning'inia, anaharisha majimaji wiki hadi wiki, bila damu, bila homa kubwa. Familia zilisema kalogwa. Wakati mwingine hospitali haikuwa na cha kusema zaidi ya majimaji ya kunywa.

Sehemu ya kuharisha kule, kwa wagonjwa wa nchi nyingi, ilitokana na maikrosporidia. *E. bieneusi* anakaa kwenye seli zilizotanda utumbo mwembamba, zile zinazofyonza chakula. Vinyweleo vya utumbo vinabapa, chakula kinapita bila kufyonzwa, mtu anakula na bado anakonda. Anaweza kupanda mpaka kwenye mirija ya nyongo. *E. intestinalis* naye anaanzia utumboni lakini anaweza kusambaa hadi figo. Hatari inakuwa kubwa CD4, zile chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, zikishuka chini ya 100.

Mwenye kinga nzima anaweza kuambukizwa vilevile. Anaharisha wiki mbili au tatu kisha anapona, au haoni dalili kabisa. Kimelea ni kilekile, spora ni zilezile. Kinachoamua ni mwenyeji ana ulinzi kiasi gani, na ndiyo sababu tiba kubwa kuliko zote kwa mgonjwa wa VVU si dawa ya kuua kimelea. Ni ARV. Kinga ikipanda, mwili wenyewe unamwondoa. Wanaohudhuria kliniki ya CTC na kumeza dawa bila kukatisha, wengi wao hawatawahi kujua kama waliwahi kuwa naye. Anayepaswa kuwaza habari hii ni yule aliyeacha dawa, au aliyechelewa kupima, au ambaye dawa zimegoma, na sasa anaharisha mwezi wa pili.

Sasa dawa. Mtu akiharisha, duka la dawa la karibu humpa metronidazo, kwa kuwa ndiyo ya amiba na giadia. Kwa maikrosporidia haisaidii. Nimeona watu waliomeza dozi nne, tano kwa mfululizo, wakiamini ya mwisho haikuwa na nguvu. Albendazo, ambayo tunaifahamu kama kidonge cha minyoo, inafanya kazi nzuri kwa *E. intestinalis* na ndugu zake wa jenasi ya *Encephalitozoon*, lakini si kwa kidonge kimoja: daktari huiandika mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Kwa *E. bieneusi*, ambaye ndiye anayeonekana mara nyingi zaidi, albendazo ni dhaifu. Dawa hiyo hushika protini fulani ya kimelea inayojenga mifupa ya seli yake, na kwa *E. bieneusi* protini hiyo ina umbo tofauti kidogo. Ndiyo maana kujua spishi si anasa ya watafiti.

Dawa iliyomweza *E. bieneusi* ilitoka kwenye mizinga ya nyuki. Nyuki wana maikrosporidia wao, *Nosema apis*, na mwingine aliyetambuliwa mwaka 1996 kwa nyuki wa Asia, *Nosema ceranae*, ambaye baadaye akaingia kwa nyuki wa Ulaya. Wanakaa kwenye utumbo wa nyuki mkubwa, wanamfupishia maisha, na kundi linapungua. Wafugaji wa Manyoni na Itigi wanaojivunia asali yao wafahamu kwamba hawa ni wa nyuki na si wa mtu. Asali haimwambukizi mlaji. Spora zao ni kubwa, na ukisaga matumbo ya nyuki kwenye maji kidogo unaziona kwa darubini ya kawaida. Tangu miaka ya 1950 wafugaji wa nyuki Marekani na Ulaya waliwapa nyuki fumajilini, dawa inayotokana na kuvu. Mwaka 2002 madaktari wa Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 12 wenye *E. bieneusi*, wengi wao wa UKIMWI na wawili waliopandikizwa viungo. Sita walipewa fumajilini, sita hawakupewa. Wote sita waliopewa walisafika, wa upande wa pili hakuna hata mmoja. Lakini iliwashusha chembe za kugandisha damu, kwa hiyo inahitaji uangalizi wa karibu, na si dawa utakayoikuta duka la dawa la mtaani.

Wanaingiaje? Kwa mdomo, kwa kawaida. Lyon, Ufaransa, mwaka 1995, watu wapatao 200 walihusishwa na mlipuko ulioelekea kutokana na maji ya bomba. Sweden, mwaka 2009, zaidi ya watu 100 waliugua baada ya kula hotelini, na chanzo kilichonyooshewa kidole ni vipande vya matango. Hilo la matango nalirudia kila ninapoona kachumbari imekatwa kwenye sinia lisilofunikwa.

Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka. Kiangazi kikishika, vijiji vingi vya Bahi na Chamwino vinarudi kwenye makorongo: unachimba mchanga mpaka maji yachuruzike, unateka kwa kibuyu au kopo. Mbuzi wanachimbiwa hatua chache pembeni, na kinyesi chao kiko palepale. Maji yanaonekana meupe na matamu kwa sababu mchanga umeyachuja. Mchanga unachuja tope. Spora ya maikromita 1 si ya kuaminia mchanga, wala kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara nne. Yachemshwe mpaka yatokote. Najua kuni ni shida, na najua anayezitafuta ni nani nyumbani. Kama haziwezi kutosha kwa maji yote, basi angalau ya mtoto mchanga, ya mjamzito, na ya mgonjwa.

Kuhusu mifugo, jibu si ndiyo wala hapana. *E. bieneusi* amegawanyika katika aina mamia kwa kuangalia jeni zake. Nyingine zinabaki kwa mnyama wake, za ng'ombe kwa ng'ombe. Nyingine, kama ile wataalamu waliyoipa herufi D, zimekutwa kwa binadamu, nguruwe, ng'ombe, mbwa na wanyama wa porini. Kukuta kimelea kwenye kinyesi cha ng'ombe hakuthibitishi kwamba ndiye aliyemwambukiza mwenye ng'ombe. Aina lazima zilinganishwe.

Jicho nalo huguswa. Baadhi ya maikrosporidia huingia kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, na kisa kimeripotiwa sana India na Singapore, hasa wakati wa mvua na kwa watu walioingiwa na udongo au maji machafu, wakiwamo wachezaji wa ragbi kwenye matope. Mkoa wetu ulijulikana duniani kwa vikope, trakoma, kwa utafiti mrefu uliofanyika Kongwa; trakoma ni bakteria, ni jambo jingine kabisa. Jicho jekundu lisilosikia matone ya dawa lionwe na daktari wa macho.

Ningekuwa mezani leo ningeandika majibu vingine: "Mayai ya minyoo, amiba na giadia havikuonekana. Maikrosporidia hawakutafutwa." Ni sentensi ndefu, na foleni ni ndefu pia, lakini inamwachia daktari mlango wazi. Na kama wewe ndiye mgonjwa, au ndiye unayemuuguza ndugu, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, kipimo hiki kimetafuta nini na nini?" Ukiwa umeharisha zaidi ya wiki mbili na majibu hayaoneshi kitu, taja muda huo kwa siku, sema kama unaishi na VVU au unatumia dawa za kushusha kinga, na uliza kama sampuli inaweza kupelekwa maabara ya rufaa.

Aliye ndani ya mbu

Kuna habari moja zaidi, na hii si ya ugonjwa wetu. Mwaka 2020 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, walieleza maikrosporidia waliyemkuta kwenye mbu aina ya *Anopheles arabiensis* wa kando ya Ziwa Victoria. Walimpa jina la muda, MB. Mbu aliyekuwa naye hakukutwa na vimelea vya malaria, na hata walipojaribu kumwambukiza malaria maabara, haikushika. Mbu mwenyewe haumizwi kwa kiwango cha kuonekana. Kama *Nosema* wa Pasteur, anapita kutoka kwa mama hadi kwa mayai. Baadaye ikaonekana anapita pia kwa kujamiiana, dume akimpa jike. Hilo lina uzito, kwa sababu mbu dume hawaumi watu. Wazo ni kwamba unaweza kuachia madume wenye MB, wakajamiiana na majike wa mtaani, na kizazi kinachofuata kikashindwa kubeba malaria.

*Anopheles arabiensis* ndiye mbu wa maeneo makavu, anayestahimili maeneo kama yetu na kupenda damu ya ng'ombe kama anavyopenda ya mtu. Kujua kama MB yumo kwenye mbu wa mashamba ya mpunga ya Bahi, njia mojawapo ni hii: wakamatwe majike wakiwa hai alfajiri kwenye kuta za nyumba na mazizi, wawekwe mmoja mmoja kwenye vichupa wakatage, kisha kila mama apimwe kwa PCR, na mayai ya mwenye kimelea yatunzwe.